MLANGO ULIOFUNGWA KWA WOTE UKAFUNGULIWA KWA BAADHI

Kuna suala ambalo watu wa pwani yetu huulizana barazani na baada ya sala, na wengi wetu huliacha likapita kwa kudhani kuwa ni jambo la dunia tupu lisilokuwa na hukumu katika dini. Nalo ni hili. Tajiri ana hoteli, au duka, au kiwanda, au chuo. Ikatokea dharura, akafunga. Akawaambia watumishi wake: Nendeni majumbani kwenu, mambo yakitengenea tutawaita. Miezi ikapita, mlango ukafunguliwa, wakaitwa watu 30 katika 100. Wale 70 waliosalia hawakuitwa, wala hawakuambiwa kuwa wameachishwa, wala hawakupewa cha kuondokea. Je, wana haki yoyote hawa? Au tajiri ni bwana wa mali yake, humwita amtakaye na humwacha amtakaye, wala haulizwi?

Mambo haya yametupata zaidi ya mara moja. Yalitupata mwaka 1997, baada ya fitina ya Likoni, wageni walipotukimbia. Yakatupata tena mwanzo wa mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, na mwaka 2014 wakati nchi za Ulaya zilipowaonya raia zao wasije pwani. Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 13 Machi mwaka ule ilitangazwa kuwa ugonjwa wa korona umeingia Kenya. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Na tarehe 8 Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Marufuku yale yaliondolewa tarehe 7 Julai, na ndege za nje zikarudi tarehe 1 Agosti. Katika muda huo hoteli nyingi, kutoka Diani hata Malindi, zilifunga milango, na walipofungua walifungua nusu nusu. Na hata katika miaka ya salama, kuna hoteli ambazo hufungwa wakati wa masika wageni wakipungua, na kuna mikahawa ya mijini ambayo hufungwa mwezi wa Ramadhani na kufunguliwa baada ya Idi. Kwa hivyo anayesema kuwa suala hili ni la nadra, huyo hajui wenzake wanavyoishi.

Kabla ya kuhukumu, yatupasa tumfanyie insafu tajiri pia. Janga la mwaka 2020 halikuwa kosa lake. Hoteli yenye vyumba 100 ikipata wageni wa vyumba 20, hakuna akili wala sharia inayomlazimisha kuwarudisha wapishi wote na watandikaji wote siku moja, akawalipa kwa fedha asizozipata, mpaka hoteli yenyewe ikafa na wote wakakosa. Mwenye kudai hivyo anadai lisilowezekana. Kuchagua, basi, huenda kukawa ni lazima. Linalotushughulisha ni mambo mawili: hali ya wale wasiochaguliwa, na mizani iliyotumika katika kuwachagua wenzao.

Tuanze na la kwanza. Mtumishi aliyeambiwa "ngoja tutakuita" yuko katika hali moja kati ya mbili, wala hakuna ya tatu. Ama mkataba wake ungali upo, au umekwisha. Ikiwa ungali upo, basi yeye ni mtumishi wa mahali pale, na kazi yake ikirudi ana haki ya kuirudia, wala mtu mgeni haajiriwi katika nafasi yake ilhali yeye yuko nyumbani anangoja. Ikiwa umekwisha, basi aambiwe hivyo kwa uwazi na alipwe haki zote zinazofuata kumalizika kwa kazi: siku za likizo yake, ilani yake, na kiinua mgongo cha miaka aliyofanya. Lakini tunayoyaona ni kuwa tajiri huyashika yote mawili kwa pamoja. Mtumishi akienda kudai haki za kuachishwa, huambiwa: Wewe hujaachishwa, ungali mtu wetu. Akienda kudai kazi, huambiwa: Wewe si mtu wetu tena, tumeshachukua wengine. Hoja moja hutumika kumfunga huku na nyingine kumfunga kule, naye hukaa katikati hana ujira wala uhuru, kwani hata kazi nyingine huogopa kuishika asije akaitwa asionekane. Hii ndiyo dhulma iliyo wazi, na huonekana hata kabla ya kufungua kitabu chochote. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Na neno "tutakuita" ni ahadi.

Na tukifungua vitabu, tutaona kuwa sharia yetu haikulinyamazia jambo hili. Mwenyezi Mungu ameifungua Suratul-Maida kwa kuwaamrisha Waislamu watimize mikataba yao, na amri ile haikubagua mkataba wa ndoa na mkataba wa kazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa Waislamu hushikamana na masharti waliyowekeana. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mtumishi, akapata kwake kazi kamili, kisha asimpe ujira wake. Mwenye akili na afikiri: ni mtu gani atakayeshinda daawa ambayo mdai wake ni Mola?

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani hii, wameeleza kwa mfano ulio karibu sana na suala letu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu mpaka leo, ameeleza kuwa mkataba wa kukodi hauvunjiki kwa udhuru wa mkodi peke yake, na akapiga mfano wa mtu aliyekodi hamamu kisha akakosa kuni za kulipashia moto. Hamamu lipo, limesimama. Aliyekosa ni yeye mkodi. Kwa hivyo kodi humlazimu. Lakini nyumba iliyokodiwa ikianguka, mkataba huvunjika kwa muda uliosalia, kwani ile manufaa yenyewe iliyokodiwa imeondoka. Sasa tulinganishe. Kitu anachokodi tajiri kwa mtumishi ni manufaa ya kazi yake. Mpishi yupo, mikono yake ni mizima, yu tayari kupika. Kilichokosekana ni wageni wa tajiri, kama zilivyokosekana kuni za hamamu. Kwa hivyo udhuru wa tajiri, japokuwa ni wa kweli, haufuti peke yake haki ya mtumishi kwa muda waliopatana.

Naam, huenda mtu akasema: mwaka 2020 serikali yenyewe ndiyo iliyozuia safari, na jambo lile lilikuwa kubwa kuliko kukosa kuni. Twamwambia kuwa amesema kweli, na hapo ndipo pahali pa sulhu. Janga likiwapata wote wawili bila ya kosa la yeyote, ni vyema wakae wakapatane: huyu akubali nusu ya ujira kwa muda maalumu, na yule akubali kumwekea nafasi yake. Waliofanya hivyo wapo, na Mwenyezi Mungu atawalipa. Lakini sulhu ni ya watu wawili. Karatasi iliyoandikwa na mmoja, akatiwa saini mwengine kwa hofu ya kufukuzwa papo hapo, haiwi sulhu hata ikaitwa kwa jina hilo. Na sheria ya nchi yasema kama hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 10, yamtaka mwajiri anapobadilisha masharti ya mkataba ashauriane na mwajiriwa na amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye hoja kubwa ya matajiri, ambayo husemwa kwa ulimi na baadhi yao, na husemwa kwa vitendo na wengi. Husema: Mali ni yangu, hasara ni yangu, na mlango ni wangu. Nikifungua, namwita nimpendaye. Hoja hii si mpya. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Suratu Hud kuwa Nabii Shuayb alipowakataza watu wake kupunja vipimo na kuwapunguzia watu vitu vyao, walimjibu kwa kejeli: je, sala zake ndizo zinazomwamrisha awazuie wao kufanya katika mali zao wapendavyo? Walidhani kuwa sala ina mahali pake na soko lina mahali pake, na kuwa mwenye kusali hana neno la kumwambia mwenye mizani. Na hakika ndiyo dhana ya wengi wetu leo. Tutamwona mtu safu ya mbele msikitini, amehiji na amefanya umra, ilhali ana watumishi wanaongoja nyumbani mwaka wa pili hawajui kama wana kazi au hawana.

Twakubali kuwa mali ni yake, lakini twauliza: hiyo mali imekuwaje mali? Hoteli ni mawe na saruji mpaka apatikane mwenye kuitandika, kuipikia, kuilinda usiku na kumkaribisha mgeni hata atamani kurudi. Jina zuri la mahali lilijengwa na mikono ya watu kwa miaka 10 na 20, na jina lile ndilo lililowarudisha wageni mlango ulipofunguliwa tena. Miaka ile ya mtumishi haikupotea hewani. Imo ndani ya mali ya tajiri, ila haionekani katika hati ya kiwanja. Mwenye kumtoa mtumishi huyo bila ya hesabu na kumweka mgeni mahali pake kwa ujira mdogo, amechukua kitu cha mwenziwe. Na fadhila za punda, kama walivyosema wazee, ni mateke.

Na kuna kisa alichotusimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, cha watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, kila mmoja akamwomba Mola kwa jambo jema alilolifanya. Wa tatu wao alikuwa ameajiri vibarua akawalipa wote, isipokuwa mmoja aliyekwenda zake akaacha ujira wake. Mtu yule aliufanyia biashara ujira ule ukazaa, ukawa ngamia na ng'ombe na kondoo. Baada ya muda kibarua akarudi kudai ujira wake, akaambiwa: vyote unavyoviona ni vyako. Akadhani anachezewa shere. Kisha akavichukua vyote, hakuacha kitu. Na kwa ajili ya hilo jabali likaondoka. Tuangalie mafunzo yake. Kibarua hakuwapo kwa muda mrefu, na kutokuwapo kwake hakukufuta haki yake, na tajiri hakusema, "mtu huyu amekwenda, habari yake imekwisha." Hatudai kuwa kila tajiri awape watumishi wake mali yote iliyozaliwa, hiyo ni daraja ya ihsani, na ihsani hailazimishwi. Twadai lililo chini yake, nalo ni haki.

Sasa la pili, nalo ni mizani ya kuchagua. Ikiwa nafasi ni 30 na watu ni 100, achaguliwe nani? Qur'ani imetupa kipimo katika Suratul-Qasas, katika kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan. Binti wa yule mzee alimwambia babake amwajiri Musa, na sababu aliyoitaja ni kuwa mtu bora wa kumwajiri ni mwenye nguvu na mwenye uaminifu. Hakusema ajiriwe kwa kuwa ni wa kabila letu, wala kwa kuwa ni rahisi. Musa alikuwa mgeni mkimbizi. Kisha wakawekeana muda ulio wazi, miaka 8, na 10 ikiwa ni hisani ya Musa, na Mwenyezi Mungu akiwa shahidi wa mkataba wao. Kuajiriwa kwa sababu inayojulikana, na muda unaojulikana, na masharti yanayojulikana: hivi ndivyo walivyoajiriana watu wa Mwenyezi Mungu.

Na lenye kupendeza ni kuwa sheria ya nchi imekaribia kipimo hiki. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira chasema kuwa mwajiri anapopunguza watu kwa sababu kazi imepungua, lazima katika kuchagua aangalie nani alitangulia katika kazi, na aangalie ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Lazima pia atoe ilani ya si chini ya mwezi 1 kwa chama cha wafanyi kazi, au kwa mtumishi mwenyewe kwa maandishi ikiwa si mwanachama, na amjulishe afisa wa kazi wa serikali. Lazima alipe likizo zilizobaki, na alipe mwezi 1 wa ilani au ujira wake, na kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Na kifungu cha 46 chakataza mtu kuachishwa kwa sababu ya mimba yake, au dini yake, au kabila lake, au kujiunga kwake na chama, au kwa kuwa alimshitaki mwajiri wake. Na juu ya yote hayo, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 41 imempa kila mtu haki ya kutendewa uadilifu katika kazi.

Lakini mizani inayotumika ni ipi? Mara nyingi huitwa kwanza jamaa wa msimamizi, kisha wa kabila lake, kisha aliyetoa kitu. Huachwa aliyezeeka katika kazi, kwa kuwa ujira wake umepanda. Huachwa mwanamke aliyejifungua. Huachwa yule aliyewahi kusimama mbele ya wenziwe akauliza habari ya saa za ziada. Na wengine huitwa, ila huitwa kama wageni: miaka yao 15 hufutwa, huandikwa upya kwa mkataba wa miezi 3, au huletwa kupitia wakala ili tajiri aseme kuwa si watu wake. Wenye kuijua historia ya Mombasa wataikumbuka bandari ya zamani, ambapo watu walisimama langoni alfajiri wakichaguliwa kwa kidole, aliyechukuliwa akala na aliyeachwa akarudi na njaa. Neno lenyewe "kibarua" asili yake ni barua ndogo, kile cheti cha kazi ya siku. Watu waligoma mwaka 1939, wakagoma tena Januari 1947, na ilipofika mwaka 1954 wakaunda chama cha wafanyi kazi wa bandari, kwa kutaka kutoka katika unyonge kama ule. Kufunga mlango kwa miezi michache kisha kuwarudisha watu wa kudumu kuwa vibarua ni kuwarudisha langoni walikotoka baba zao.

Na sasa tujitazame sisi wenyewe, kwani ni rahisi kuwalaumu wenye mahoteli tukasahau nyumba zetu. Mwaka 2020 madrasa zilifungwa pamoja na shule. Mwalimu wa madrasa ni nani kwetu? Ni yule aliyewafundisha watoto wetu alifu kwa kijiti, kwa posho ambayo dereva hawezi kuikubali. Je, kamati ngapi zilimpa mkataba wa maandishi? Ngapi zilimpelekea chochote miezi ile? Na zilipofunguliwa, ngapi zilimwita kwanza aliyetangulia, na ngapi zilimwita kijana mwenye kukubali kidogo zaidi? Husemwa kuwa kazi ya mwalimu ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, thawabu yake ni kwa Mwenyezi Mungu. Lakini deni lake liko kwa kamati. Hatuwezi kumfundisha mtoto Hadithi ya kumlipa mfanyi kazi kabla ya jasho lake kukauka, kwa ulimi wa mwalimu ambaye jasho lake limekauka tangu zamani hajalipwa.

Wala watumishi nao wasidhani kuwa wao hawana wajibu. Aliyepata kazi nyingine akatulia, asidai kuwekewa nafasi ya kwanza. Aliyekuwa mvivu au mwizi, asijifiche nyuma ya wanyonge wa kweli; kipimo cha uaminifu ni cha pande zote mbili. Aliyeitwa asitoe hongo ili achukue nafasi ya mwenziwe, kwani hiyo ni riziki iliyoghusubiwa. Na aliyerudishwa kazini asinyamaze akiulizwa ushahidi juu ya wenziwe, kwa kuogopa. Kuna methali isemayo mwenye nguvu mpishe. Hiyo ni hekima ya njiani, lakini si hekima ya kutolea ushahidi.

Basi la kufanya ni nini? Tajiri Mwislamu anayelazimika kufunga na aandike. Aandike tarehe ya kufunga, na kama ni kwa muda au ni moja kwa moja, na ni nini kitalipwa katika muda ule, na akifungua atawaita kwa utaratibu gani. Akishaona kuwa hawezi kuwarudisha wote, awaambie wasiorudi mapema na awalipe haki zao, hata kwa mafungu waliyokubaliana, ili wawe huru kutafuta riziki kwengine. Na mtumishi naye asikubali kuondoka kwa neno la mdomo tu. Aombe barua. Aweke hati zake za ujira. Amwendee afisa wa kazi au chama chake mapema, kwani sheria imeweka mpaka wa miaka 3 kwa daawa za ajira, na wengi wamepoteza haki zao kwa kungoja simu isiyolia. Na misikiti yetu na iwe mahali pa kusuluhisha mambo haya kabla hayajafika mahakamani, kama inavyosuluhisha ya ndoa na mirathi.

Kwa ufupi, suala tuliloanza nalo jawabu lake ni hili. Tajiri aweza kufunga, na aweza kurudisha wachache kwa dharura ya kweli. Lakini hawezi kumweka mtu katika ngojangoja isiyokuwa na mwisho, wala kumtoa bila ya kumlipa, wala kuchagua kwa mapenzi yake akaita mapenzi hayo haki. Sheria za nchi zaweza kukwepwa kwa wakili hodari na kwa karatasi zilizopangwa vizuri. Iko mahakama nyengine ambayo mlango wake haufungwi, wala haufunguliwi kwa baadhi, na kila mmoja wetu, tajiri na mtumishi, ataitwa kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi, na atukinge na kula jasho la wenzetu. Wabillahi tawfiq.